Viti Kumi na Viwili: shajara ya kitambaa chetu

Wiki ya 1

Miaka tisa nimechora na kudarizi peke yangu. Kazi ikiisha naionyesha, isipoisha naifunika. Leo nimeketi chumba kimoja na wanawake kumi na mmoja wasionijua, na kitu cha kwanza nilichoulizwa ni kama nimekuja na kazi ambayo haijaisha.

Sikuwa nayo. Nilibeba ile niliyoimaliza mwaka jana, imepigwa pasi na kukunjwa vizuri ndani ya karatasi laini. Aliyeipokea ni mtu mzima mmoja ambaye wote wanamwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha sanaa mpaka akastaafu. Aliipokea kwa mikono miwili. Nikangoja aitazame, naye akaigeuza. Akaanza kutazama mgongo wake: mafundo, nyuzi zilizoruka kutoka ua moja kwenda jingine, na pale chini kulia nilipofumua na kushona upya mara tatu mpaka matundu ya sindano yakabaki wazi. Akapitisha kidole penye yale matundu.

"Hapa ulihangaika, mwanangu."

Basi, hakusema zaidi. Machozi yakanilengalenga mbele ya watu nisiowajua. Kitambaa kile kimesifiwa na wengi, wawili walitaka hata kukinunua, lakini hakuna aliyewahi kuona kwamba pale nilihangaika.

Nimeambiwa kuna mradi mmoja mkubwa wa pamoja unaanza, na mimi nimekuja wakati mzuri. Nitaandika hapa kila tukikutana.

Wiki ya 2

Leo tumekata shauri juu ya mradi. Ni kitambaa kimoja cha kutundika, chenye vipande kumi na viwili, kila mmoja wetu kipande chake. Kikundi kina wadarizi watatu tu. Wengine ni wachoraji, yupo mfinyanzi, yupo mchapaji anayechonga mbao na kuzipaka wino, yupo mpiga picha. Nilidhani wasioshika sindano watalalamika, kumbe wao ndio walioitaka. Mfinyanzi alisema amechoka kukaa miaka yote kwenye kazi anayoijua.

Wazo la kitambaa limetoka kwenye hadithi ya Mwalimu. Huwa anasimulia huku watu wakiendelea na kazi zao. Leo alisimulia kuhusu Royal Academy, chama cha wasanii cha London kilichoanzishwa mwaka 1768. Miongoni mwa waanzilishi walikuwamo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser. Haikupita miaka mingi, mchoraji Johan Zoffany akachora picha ya wanachama wamekusanyika kwenye darasa la kuchora mwili wa binadamu. Wanaume wamejaa chumba kizima, wengine wameketi, wengine wamesimama wakizungumza. Wale wanawake wawili hawamo chumbani. Wapo ukutani, picha mbili zimetundikwa, kwa sababu haikuwa heshima mwanamke kuwa mahali penye mtu aliyevua nguo. Na baada yao ilichukua mpaka mwaka 1936 ndipo mwanamke mwingine, Laura Knight, akachaguliwa kuwa mwanachama kamili.

Chumba kilinyamaza kidogo. Kisha mpiga picha akasema, "Yaani waanzilishi, halafu hata kiti hawana."

Hapo ndipo neno kiti likabaki mdomoni mwa kila mtu. Tukaulizana: wewe unafanyia kazi umekaa wapi? Hakuna kati yetu mwenye chumba maalumu cha kazi. Mmoja anachorea kwenye ngazi za nyumba kwa sababu ndipo penye mwanga. Mmoja kwenye kigoda karibu na mtoto anapolala. Mpiga picha huchagua picha zake akiwa kwenye kiti cha basi. Mimi ni ukingo wa kitanda, upande wa dirisha, na nikiinuka pale pana bonde kwenye godoro.

Kwa hiyo kila mmoja atashona kiti chake. Nimerudi nyumbani nikakaa pale ukingoni nikapatazama kwa muda mrefu kabla ya kushika kalamu.

Vipimo tulivyokubaliana: kila kipande kikiisha kiwe sentimita 60 kwa 60. Tunakata 63, ili ibaki sentimita moja na nusu kila upande ya kushonea. Vinne kwa upana, vitatu kwenda chini, kitambaa kizima kitakuwa sentimita 240 kwa 180.

Wiki ya 3

Mambo machache tu. Nimejifunza utaratibu wao wa kutazama kazi, nao nauandika ili nisiusahau.

Mwenye kazi ndiye anayeanza kusema. Anaeleza anatafuta nini na amekwama wapi, na anaruhusiwa kusema nini hataki kusikia leo. Wengine wanajibu hilo kwanza. Neno "nzuri" peke yake halipokelewi. Ukisema nzuri unaulizwa, wapi? Inabidi uweke kidole kwenye kitambaa.

Ni jambo dogo, lakini nimeona linavyobadilisha chumba. Dada mmoja mwenye aibu sana aliweka mchoro wake mezani akasema, "Leo msiniambie habari ya rangi, bado sijafika huko. Niambieni tu kama mnaona hiki ni kigoda." Tukaona ni kigoda, isipokuwa mguu mmoja. Akatoa pumzi kana kwamba ameshushiwa mzigo kichwani.

Wiki ya 4

Balaa. Tulikubaliana kila mtu atumie nguo kuukuu, kitu alichokivaa akiwa kazini. Mwalimu alikuwa ametueleza habari za wanawake wa Gee's Bend, kule Alabama nchini Marekani, ambao kwa vizazi vingi wameshona mablanketi ya viraka kutokana na nguo za kazi zilizochakaa, suruali za shambani zikiwa bado na alama ya magoti. Mwaka 2002 mablanketi yao yalionyeshwa Houston kisha kwenye jumba la Whitney, New York, na watu waliozoea kutazama picha za rangi ya mafuta wakasimama mbele yake kimya. Tukahamasika wote. Mfinyanzi akaleta aproni yenye madoa ya udongo yasiyotoka. Mimi nikaleta shati jeupe la pamba.

Mmoja wetu akaleta kanga nyekundu mpya kabisa, akaikata, akaibandika kwenye kipande chake bila kuifua kwanza. Akaja kukilowesha ili chaki itoke. Nyekundu ikachuja, ikatambaa kwenye kitambaa cheupe, ikaingia mpaka kwenye vipande viwili vya wenzake vilivyokuwa chini yake kwenye beseni. Kimoja kilikuwa changu. Wiki mbili za mishono ya mnyororo zimegeuka waridi.

Nilikasirika, na niliona aibu kwa kukasirika, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameshika mdomo analia. Mdarizi mkubwa hakupoteza muda. Akamwaga maji yote, akajaza maji baridi, akavisuuza, akamwaga tena, akajaza tena. "Yasiwe ya moto," alikuwa anarudia, "na kisikauke. Kikikauka rangi imekaa." Tulipokezana kusuuza mpaka maji yakatoka meupe. Sikumbuki mara ngapi. Mikono ilikufa ganzi. Kuna mtu alianza kuimba, wengine wakaitikia, na katikati ya beseni la saba au la nane nikajikuta nacheka na yule yule niliyekuwa nimemkasirikia.

Waridi hafifu imebaki kwenye kona ya kitambaa changu. Nimeamua kuiacha.

Tangu leo sheria ni moja: kitambaa kifuliwe kabla hakijakatwa. Rangi ya ziada itoke, na pamba irudi kama inataka kurudi. Shati langu lilipofuliwa kwa maji ya moto lilipungua karibu upana wa kidole. Kama ningelishona kwanza, kipande kizima kingekunjamana.

Wiki ya 6

Leo sitaki kuandika ila nitaandika.

Niliweka kipande changu mezani. Ukingo wa kitanda umetokea, dirisha limetokea, shuka limepata mikunjo ninayoipenda. Nikasema nimekwama kwenye kivuli cha chini ya kitanda. Mfinyanzi akakiangalia, akaweka kidole, akasema, "Kivuli hiki hakina uzito. Kitanda kinaelea. Na mimi naona umekidarizi vizuri sana ili tusione kwamba hujui mwanga unatoka wapi."

Ni kweli. Ndiyo maana kiliniuma. Sikusema kitu. Nilikunja kitambaa, nikaaga vizuri, nikaenda.

Njiani nilikumbuka siku ile, miaka mingi nyuma, nilipopeleka kazi zangu kwenye ukumbi mmoja wa maonyesho. Mtu aliyezipokea hakuzikunjua zote. Aliziita kazi za mikono, akaniambia wanaweza kuziweka kwenye meza ya mlangoni, pale penye vitabu vya kuuza. Tangu siku hiyo sikumwonyesha mtu kitu ambacho hakijaisha. Nilijiambia nikishona bila kosa hakuna atakayepata pa kushika. Mfinyanzi ameshika hapo hapo.

Wiki ya 7

Sikwenda.

Wiki ya 8

Sikwenda. Jioni nimepata ujumbe kutoka kwa mfinyanzi. Nilitegemea aniulize mbona haonekani mtu, au aombe radhi. Alituma picha. Ni mgongo wa kipande chake mwenyewe, na sijawahi kuona kitu kama kile: uzi umefanya kiota, mafundo juu ya mafundo, sehemu moja ameshona kitambaa pamoja na mfuko wa aproni na mfuko hautafunguka tena. Chini yake ameandika, "Shoga, nami nimekwama. Wewe unajua uzi, mimi najua vivuli. Njoo tubadilishane."

Nimesoma ujumbe ule mara nyingi. Nimeuwekea jibu la neno moja: Nakuja.

Wiki ya 9

Nimekwenda. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Kiti changu kilikuwa pale pale, hakuna aliyekikalia.

Mimi na mfinyanzi tuliketi dirishani. Nilimfundisha jambo ambalo kwangu ni la kawaida hata sikujua kwamba ni ujuzi: uzi wa kudarizi una nyuzi ndogo sita zilizosokotwa pamoja, na si lazima uzitumie zote. Unazichomoa moja moja, unatumia mbili au tatu. Ukichomoa kadhaa kwa pamoja zinajisokota na kufunga. Yeye alikuwa anapitisha zote sita kwenye sindano nyembamba, tena uzi mrefu kama mkono wake mara mbili. Nikamkatia uzi wa kutoka kwenye vidole hadi kwenye kiwiko. Alipovuta mshono wa kwanza ukapita bila kukwama, akanitazama kana kwamba nimempa zawadi.

Kisha ni zamu yake. Hakuzungumza habari ya mwanga. Alichukua donge la udongo, akafinyanga kitanda kidogo cha urefu wa kidole, akakiweka kwenye kizingiti cha dirisha. Akakigeuza. "Angalia pale mguu unapogusa chini," alisema. Nikaangalia. Pale mguu ulipogusa, kivuli kilikuwa cheusi zaidi kuliko kwingine kote, mstari mwembamba kabisa, kisha kikawa kinapauka kadiri kinavyokwenda mbali. Mimi nilikuwa nimeshona kivuli chote kwa weusi mmoja. Ndiyo maana kitanda kilielea.

Nilifumua pale pale, mbele yake. Sijawahi kufumua mbele ya mtu.

Tulipokuwa tunakusanya vitu nilimwambia Mwalimu kwamba nahisi nimechelewa, kwamba haya ningeyajua nikiwa na miaka ishirini. Mwalimu hapendi kubembeleza mtu. Akaniambia habari za Rosemary Karuga wa Kenya, aliyesoma sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo pale, kisha akafundisha shule kwa miongo. Aliporudi kwenye sanaa kwa nguvu, mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuwa anakaribia sitini. Alichana karatasi za kufungia bidhaa vipande vidogo vidogo, akavibandika vikawa wanyama na watu, na kazi hizo ndizo zilizombebea jina. "Miaka ile ya kufundisha haikupotea," Mwalimu akasema. "Ila naamini angependa kuwa na mtu wa kukaa naye." Nadhani alikuwa anajisemea pia.

Wiki ya 10

Mchapaji hakuja. Mama yake amelazwa.

Kipande chake kipo kwenye sanduku la kikundi. Alikuwa ameanza kushona meza yake ya kuchongea, ile ya karibu na ukuta. Amemaliza miguu miwili, iliyobaki ni chaki tu.

Wiki ya 11

Leo tumebishana kweli kweli. Wengine wanaona tummalizie, chaki yake ipo, rangi alizochagua zipo, itamwondolea mzigo. Wengine wanaona kipande kiachwe kilivyo, miguu miwili na chaki, kwa kuwa hivyo ndivyo kilivyo kwa sasa. Nilikuwa upande wa kumalizia. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia kwamba rafiki akizidiwa unamshika mkono, husimami ukatazama.

Mpiga picha, ambaye huwa haongei sana, akauliza: "Kuna aliyemuuliza mwenyewe?"

Hakuna. Siku kumi na moja tumetuma salamu na pole, na hakuna aliyemuuliza anataka nini. Tulijisikia vibaya wote kwa pamoja.

Mimi na mfinyanzi tumejitolea kwenda.

Wiki ya 12

Tulimkuta kwenye benchi la nje ya wodi. Ni lile benchi refu la mbao, limechakaa katikati kwa kukaliwa. Alikuwa amekaa hapo tangu alfajiri, kama siku zote. Mama yake amelala, hali yake haipandi wala haishuki.

Tulikuwa tumejiandaa kwa maneno, yakapotea. Mfinyanzi akakaa upande mmoja, mimi upande mwingine. Baada ya muda nikatoa kipande chake, ringi ya kudarizia, sindano na nyuzi, nikaviweka mapajani mwake. Nikamuuliza: unataka tukumalizie, au tukiache, au nini?

Alikikunjua akaitazama ile meza. Akasema, "Hapa si ninapokaa tena." Akaomba mkasi. Akafumua miguu ile miwili, mshono kwa mshono, polepole, bila kukata kitambaa. Akafuta chaki kwa kiganja. Halafu akasimama, akageuka, akalitazama benchi, akaomba chaki.

Ameshona benchi. Hakuwa mdarizi, mistari yake inakwenda ovyo, lakini mkono unaochonga mbao unaijua mbao. Amepatia pale katikati palipochakaa. Amepashona kwa uzi mmoja tu, mwepesi, mpaka unaona kitambaa chini yake. Tulikaa naye mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Muda mwingi hatukuzungumza. Nilimtungia sindano kila ilipoishiwa uzi, kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi na hakuiona tundu. Hiyo ndiyo kazi yangu yote siku hiyo, kutunga sindano, na sijui kama nimewahi kufanya kazi niliyoona ina maana kuliko hiyo.

Tangu siku hiyo tumepanga zamu. Kila siku wawili wanakwenda benchini, mmoja anaingia wodini kukaa na mama ili binti alale kidogo.

Wiki ya 13

Suala la majina. Kitambaa kikiisha kiitwe cha nani?

Mwalimu alitupa mfano wa kazi ya msanii wa Marekani, Judy Chicago, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1974 na 1979, ambayo sasa ipo kwenye jumba la makumbusho la Brooklyn. Ni meza ya pembetatu iliyoandaliwa kwa wanawake 39 wa historia, na sakafu yake imeandikwa majina ya wengine 999. Mamia ya watu waliifanyia kazi, wakiwemo wadarizi na wachoraji wa vyombo vya udongo, na majina ya wasaidizi wakuu yaliwekwa kwenye mbao za shukrani pamoja na kazi. Hata hivyo ukiuliza watu, wengi watakutajia jina moja.

Mimi sioni kosa msanii kuwa na jina lake kwenye wazo lake. Lakini hili letu halikuwa wazo la mtu mmoja. Lilitoka mdomoni mwa mpiga picha, baada ya hadithi ya Mwalimu, baada ya swali ambalo sikumbuki nani aliuliza. Tumekubaliana kila mmoja adarizi jina lake mwenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe, nyuma. Kwenye mgongo wa kipande chake. Mama wa mchapaji pia jina lake limeingia, chini ya la binti yake. Binti ndiye aliyeomba.

Wiki ya 14

Kuunga. Vipande vyote kumi na viwili vimepigwa pasi, vimepangwa sakafuni, vimepangwa tena. Kila mshono tuliupiga bandi kwanza kwa uzi mweupe mrefu mrefu, tukasimama mbali, tukatazama, ndipo tukapitisha cherehani. Vipande viwili vilikuwa vimepungua karibu sentimita moja. Tukaviongezea ukanda mwembamba kutoka kwenye aproni ya mfinyanzi, na ukanda ule sasa naona ndio unaokishika kitambaa chote.

Kitanda changu kimekaa kati ya ngazi na benchi la hospitali. Hakielei tena. Ile waridi ya kona imekutana na kipande cha kanga nyekundu cha jirani yake, kana kwamba tulipanga.

Ukumbi wa maonyesho tulioomba nafasi umejibu. Wametukubalia, ila kwenye ujia wa kuelekea ofisini, chini ya kichwa cha kazi za mikono. Nilidhani nitaumia kama zamani. Nilimtazama mfinyanzi, naye alikuwa ananitazama mimi kwanza, kuona nimepokeaje. Tumeandika barua ya kushukuru na kukataa.

Mwaka 1972 wanawake ishirini mjini New York walifungua ukumbi wao wenyewe, A.I.R., na kabla ya kuonyesha chochote walishika zana wakaukarabati wenyewe. Mwalimu alilisema hilo huku akiukagua ukuta wa chumba chetu cha kukutania. Siku ya pili yake tulikuwa tunapiga lipu.

Wiki ya 15

Kimetundikwa. Juu yake, kwa nyuma, tumeshona mfuko mrefu wa kupitishia fimbo, ili uzito ugawanyike na pembe zisivutike. Bitana hatukuweka. Tulibishana kidogo tu kuhusu hilo, kisha wote tukaafikiana: fimbo inaning'inia kwa kamba mbili kutoka darini, hatua tatu kutoka ukutani, ili mtu aweze kuzunguka.

Watu wamekuja. Wanaanza mbele, wanataja viti wanavyovitambua, ngazi, kigoda, kiti cha basi. Kisha wanazunguka nyuma, na kule wanakaa zaidi. Nilimwona mama mmoja nisiyemjua akipitisha kidole kwenye mafundo yangu, pale penye kivuli nilichokifumua.

Mchapaji alifika jioni na mama yake, anatembea kwa kushikwa. Walitafuta benchi. Mama akalitazama, akasema kiti kile kinaumiza mgongo, akaomba kukaa. Tulimletea kiti.

Jumanne tunakutana tena. Nina kipande kipya, kina mistari mitatu ya chaki na sijui kinaelekea wapi. Nimekiweka kwenye mfuko tayari.